Pipa Nililolinusa Tu

Jumapili, 18 Machi 1956

Daftari hili nimepewa na kilabu niandike mapipa. Mbele kutakuwa na mapipa, na nyuma, kuanzia leo, nitaandika yangu. Naandika kwa herufi za Kiarabu ili Ernesti, karani wetu, akilifunua aone asichokijua alifunge. Ni msomi wa misheni, lakini alifu na bee hazitambui.

Mimi ni Sadalla bin Hija, mzaliwa wa Ushongo, mkaazi wa Ngamiani, umri wangu miaka arubaini na tisa. Kazi yangu ni mwonja pombe wa kilabu cha Mtende, nje ya mji wa Tanga, wanakokunywa wakata mkonge. Hiyo nimeiandika, na mkono haukukauka. Majirani nimewaambia ni karani wa mizani katika ghala la mkonge. Mwaka wa sita huu napima mkonge ambao sijapata kuuona ukipimwa. Kila siku nikitoka kazini nabadili kanzu, natafuna karafuu mbili, ndipo naingia mtaani.

Masika yameanza leo.

Jumatano, 21 Machi

Mvua. Mapipa tisa, yote yamepita.

Jumamosi, 24 Machi

Ernesti ameniomba nimfundishe kuonja. Anataka kuandika maelezo, ili siku nikifa kazi isilale. Nimemwambia sijafa, lakini nimemfundisha.

Kwanza jicho. Povu la pombe ya mtama iliyopikwa vizuri hukaa, ukilipuliza hurudi. Likifa haraka, jiulize kwa nini. Pili sikio: weka sikio ubavuni mwa pipa, usikie inavyochemka taratibu. Pipa lililo kimya ama limechelewa ama limekufa. Tatu pua. Mkate mbichi ni sawa, ndizi mbivu ni sawa, siki si sawa, na harufu ya tambara bichi lirudishe bila maneno. Nne ulimi. Ncha itakwambia utamu, ubavu utakwambia uchachu, shina litakwambia uchungu. Kisha uteme, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanasema maneno mara moja. Ngoja. Hesabu mpaka mia. Ubaya mwingine huchelewa kufika.

"Mbona wewe humezi, mzee?" aliniuliza.

"Sheria ya kilabu inasema nionje. Haisemi nimeze."

Alicheka akaandika. Hakuniuliza nimejifunza wapi. Baba yangu alikuwa mgema, na kabla sijapelekwa chuoni kusoma Kurani kwa ami yangu nilikuwa najua kila mnazi wa Ushongo kwa ladha ya tembo lake. Ulimi wangu haujapata kunidanganya. Nayasema haya humu kwa kuwa hakuna pengine pa kujisifia.

Nikamwonyesha na desturi ya mwisho. Kabla sijagusa pipa, mpikaji mwenyewe huchota kata moja akanywa mbele yangu. Wanaita kutoa shaka. Asiyekunywa pombe yake, hakuna atakayeinywa. Akishakunywa, mimi naonja, kisha natia alama ya chaki.

Pipa lililoyashinda yote leo ni la Beatrisi. Ni Mbondei, mjane wa Muheza, watoto wake watatu wako kwa bibi yao huko. Pombe yake ina utamu mbele, uchachu wa kiasi, na uchungu unaokuja mwisho ukaondoka wenyewe. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Mzee Sadalla, wewe peke yako unayejua ninavyohangaika." Ni kweli. Walevi wanakunywa tu.

Jumatatu, 2 Aprili

Alhamdulillahi. Posa ya Sabiha imekubaliwa. Kijana ni Mwinyijuma, mtoto wa Shekhe Jumbe, watu wa dini baba na babu. Jirani yangu Bakar ndiye mshenga. Harusi itakuwa mfungo mosi, Ramadhani ikishapita, Ijumaa tarehe ishirini na tano Mei.

Mke wangu Asmahani amelia kwa furaha. Kisha ameniita chumbani akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Sabiha, ile kazi yako. Wakiijua?"

Yeye anaijua. Sabiha hajui. Nimemwambia wasipojua kwa miaka sita hawatajua kwa wiki saba.

Jumatano, 11 Aprili

Tumetafuta mwezi, mawingu matupu. Simu imetoka Unguja kwamba umeonekana. Kesho tunafunga.

Alhamisi, 12 Aprili. Ramadhani mosi

Nina ahadi yangu mwenyewe na Mola wangu. Miezi kumi na mmoja naonja na kutema. Mwezi huu ulimi haugusi. Nafanya kazi kwa jicho, sikio na pua, natia chaki. Miaka mitano nimefanya hivi na halijarudi pipa hata moja.

Najua watakavyosema wajuzi. Mwanamke aliyefunga huonja chumvi ya mchuzi akatema, na saumu yake haiharibiki. Asmahani hufanya hivyo kila alasiri. Lakini hii si mchuzi.

Ernesti kaniambia, "Mzee, mwezi huu niachie mimi sehemu ya ulimi. Umenifundisha."

Nikamjibu ulimi wake umezoea chai ya maziwa. Alitabasamu, lakini haikumpendeza.

Jumapili, 15 Aprili

Mvua. Kiu.

Alhamisi, 19 Aprili

Jiko la Beatrisi limeanguka. Ukuta wa udongo umelowa siku tano, umelala juu ya mitungi yake yote minane. Mitungi ile aliirithi kwa mama yake. Nimemkuta anaokota vigae anavipanga, kama vingeweza kuungana. Nikampa pole. Akasema atatafuta chombo kingine, maana asipopika wiki hii watu watahamia kwa wengine.

Jumanne, 24 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mapipa kumi na moja. La Beatrisi limekuja mwisho, saa nane, safari hii amepikia na kuchachusha katika pipa jipya la bati linalong'aa. Povu halikukaa sana. Pua imesema salama, nikatia chaki. Kiu ya leo si ya kawaida.

Jumatano, 25 Aprili

Nimefika kazini nikamkuta Ernesti amekaa kwenye ngazi, suruali imechafuka mpaka magotini.

"Watu ishirini na wawili," akasema. "Walianza kutapika kabla ya magharibi. Wamebebwa kwa lori la mkonge mpaka hospitali. Wote wa pipa moja."

Nikajua kabla hajalitaja. Nikauliza tu ili nisikie.

"La Beatrisi," akasema. "Na nimeona kwa macho yangu, mzee. Jana hakunywa. Alichota kata, akaifikisha kidevuni, akairudisha ndani ya pipa. Nilikuwa mlangoni. Mtu anayerudisha kata yake anajua alichokitia."

Nataka niandike hapa jinsi ilivyokuwa, kabla sijaanza kuisahau kwa makusudi.

Wapikaji wengine mwezi huu hunigeuzia mgongo wakanywa upesi. Beatrisi jana alikuwa amelowa, ana haraka, akasahau. Alichota kata mbele yangu. Niliiona pombe inamwagika kidogo ukingoni, na kwa kiu ile sikutaka kumwona mtu anameza. Nikainua mkono. Nikasema, "Acha, mama. Mwezi mtukufu huu." Akaona haya sana. Akaishusha kata, akasema, "Nisamehe, mzee, nimepitiwa kama umefunga." Mvua ilikuwa inapiga juu ya mabati ya kilabu, Ernesti asingeweza kusikia. Aliona tu kata inashuka.

Yeye hakuonja kwa kuniheshimu mimi, nami sikuonja kwa kuuheshimu mwezi. Na lile povu nililiona. Nilimfundisha Ernesti kwamba likifa haraka mtu ajiulize, na sikujiuliza.

Alhamisi, 26 Aprili

Mmoja amefariki. Anaitwa Luka, mkata mkonge, mtu wa mbali, alikuwa na homa tangu wiki iliyopita. Ndugu hana hapa.

Beatrisi amekamatwa saa nne. Alikuwa anafua. Wamemchukua na mikono yake ina sabuni.

Ijumaa, 27 Aprili

Inspekta wa polisi ameniita ofisini, na karani wake anaandika.

"Wewe ndiye mwonjaji?"

"Ndiye mimi."

"Pipa la Beatrisi ulilionja?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, hapana. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwona Sabiha anavyokata kanga zake za harusi, nikamwona Shekhe Jumbe anasikia kazi yangu ikitajwa mahakamani, nikasema, "Nililionja."

"Lilikuwaje?"

"Safi."

Akaweka kalamu. "Basi sumu imeingia baada ya wewe kutia chaki. Na aliyekuwa karibu na pipa ni mwenyewe. Tena hakunywa." Akaniambia karatasi yangu inatosha, huenda nisiitwe mahakamani. Kesi ni tarehe kumi na tano Mei.

Nimetoka nje mvuani nikatembea mpaka Ngamiani bila mwavuli. Kwa mkono wangu nimeweka dole gumba kuwa nimeonja pombe mchana wa Ramadhani, jambo ambalo sikulifanya, ili nifiche kwamba sikulifanya. Sijui mtu huomba toba ya aina gani kwa hilo. Beatrisi naye nimemfungia mlango na nimemkabidhi inspekta ufunguo.

Jumamosi, 28 Aprili

Mvua. Sikula daku.

Jumatatu, 30 Aprili

Pipa lile limeachwa nyuma ya kilabu, tupu, limefunikwa gunia. Nimelifunua. Nje bado linang'aa. Ndani, mpaka pale pombe ilipofikia, mng'aro umekwisha, pamebaki weupe kama wa chokaa. Nimepitisha kidole, kikatoka na unga.

Sikulala vizuri kwa kuwaza. Beatrisi hana adui, na sumu mtu hainunui ili awape wateja wake mwenyewe.

Alhamisi, 3 Mei

Nimechukua ndoo mpya ya bati, moja ya vyombo vya harusi, nimeitia maji ya ukwaju makali na kuifunika nyuma ya choo. Asmahani ameitafuta. Nimesema sijaiona. Siku hizi uongo unanitoka bila kuusukuma.

Jumapili, 6 Mei

Baada ya futari nimekwenda nyuma ya choo na kikombe. Nimenusa: ukwaju tu, harufu nzuri, hakuna pua ambayo ingekataa. Nimetia ulimini. Ncha imesema tamu, ubavu umesema chachu. Nimetema, nimehesabu. Nilipofika thelathini kinywa kikakauka chote, ukakasi umeshika fizi na kaakaa, ladha ya msumari. Nilipofika mia nilikuwa nimeshika ukuta. Nikanywa funda moja kamili ili nihakikishe. Haikupita nusu saa futari yote ikawa chini.

Bati na uchachu. Hakuna sumu iliyotiwa na mtu. Pombe yenyewe imelila pipa siku nne mfululizo. Pua isingeweza kujua. Ulimi wangu ungejua kabla sijafika thelathini, na ulimi wa Beatrisi ungejua pia.

Asmahani amenikuta nimechutama. Nimemweleza yote, tangu kata mpaka ndoo. Alinishikia kichwa mpaka nikamaliza kutapika, akaniosha uso. Kisha akakaa juu ya jiwe la kufulia, akawaza.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi ngoja harusi ipite."

"Kesi ni siku kumi kabla ya harusi."

"Watamfunga kwanza, khalafu utasema, watamfungua. Mie sisemi asifunguliwe, Baba Sabiha. Nasema ngoja. Huyo ameshakaa siku kumi, mwanetu ana posa moja tu."

Miaka ishirini na miwili nimeishi na mwanamke huyu na sijapata kumwona mbaya. Leo nimemwona, na nikamshukuru, kwa kuwa amelisema lile nililokuwa nalitaka. Nimesema, "Haya, nitangoja."

Jumanne, 8 Mei

Ernesti alikwenda kumpelekea Beatrisi nguo. Amerudi na uso mwingine.

"Anasema wewe ndiye uliyemzuia asinywe, mzee. Anasema ulimwambia ni mwezi mtukufu. Amewaeleza polisi, wamemwambia mwonjaji mwenyewe alionja, kwa hiyo habari ya mwezi mtukufu anaitunga. Ni kweli ulimwambia?"

Nilikuwa nafuta chaki ya jana kwenye pipa. Nikaendelea kufuta.

"Amechanganyikiwa, masikini," nikasema. "Hakumbuki vizuri."

Ernesti alinitazama mpaka nikaacha kufuta. Mwanzoni mwa daftari hili nilimcheka kwa kutojua alifu. Ameondoka bila kuniaga, naye huaga hata paka.

Alhamisi, 10 Mei

Mvua. Mapipa matano tu, watu wanaogopa. Nimeonja yote kwa ulimi, mchana, huku nimefunga. Sijui kama nimefunga.

Jumamosi, 12 Mei. Idi

Nimeswali Idi safu ya pili. Baada ya hotuba Shekhe Jumbe alinitafuta kati ya watu wote, akanikumbatia, akaniita mkwe wake. Alinukia udi. Nilijiondoa upesi, akadhani nina haraka ya kwenda kula.

Nyumbani pilau, watu wanaingia na kutoka, Sabiha ana hina mpaka viwikoni. Nimekula tonge tatu. Nilikuwa nafikiria kama huko ndani wanajua kuwa leo ni sikukuu, kisha nikakumbuka Beatrisi si Mwislamu, kwake ni Jumamosi. Ni Jumamosi ya tatu.

Jumatatu, 14 Mei

Kesho kesi. Sikuitwa. Asmahani amenishonea kifungo cha kanzu na hakunitazama. Naye halali, namsikia.

Jumanne, 15 Mei

Nimetoka nyumbani nikielekea kazini. Nilipofika njia panda, miguu ikaenda mahakamani. Siwezi kudai niliamua. Nilikuwa nimebeba chupa niliyoijaza ule ukwaju wa ndoo, ndani ya mfuko wa makuti. Hiyo nadhani ndiyo iliyoamua, maana kazini nisingeihitaji.

Chumba kilijaa. Wakata mkonge walisimama ukutani, wapikaji wote wamekaa upande mmoja. Beatrisi alikuwa amekonda shingo. Karatasi yangu ilisomwa kwa Kiingereza, kisha mkalimani akaisoma kwa Kiswahili: mwonjaji anasema alionja na pombe ilikuwa safi. Ernesti akaitwa, akasema aliyoyaona, kata ikapanda, kata ikashuka. Akaulizwa kama alisikia maneno. Akasema hakusikia, mvua ilikuwa kubwa, na kwamba angependa mwonjaji aulizwe.

Hakimu akasema mwonjaji hakuitwa.

Nikasimama. Askari akaniambia nikae. Nikasema, "Mie ndiye," na sauti yangu ikatoka ndogo, ikabidi niirudie.

Mkalimani akauliza, "Wewe nani?"

"Sadalla bin Hija wa Ngamiani. Mwonja pombe wa kilabu cha Mtende."

Nilisikia kiti kinasogea nyuma yangu. Kulikuwa na watu wa mtaani kwetu mle, sikugeuka kuwahesabu. Nikaapa kwa Msahafu, nikasema. Nikasema sikuonja. Nikasema kwa nini. Nikasema mama huyu alichota na akataka kunywa, nikamzuia mimi, kwa mkono huu. Nikasema nilimdanganya inspekta, kisha nikamdanganya Ernesti. Nikaeleza mitungi iliyovunjika, na pipa la bati, na weupe ule. Nikatoa chupa.

Hakimu alikuwa mzee wa Kizungu mwenye macho mekundu. Akauliza pipa linawezaje kunusika vizuri na huku ni baya. Nikamwomba atie tone ulimini, asimeze, angoje. Mkalimani alisita kulitafsiri. Hakimu akafanya. Akangoja. Chumba chote kikangoja naye. Nikamwona anavyokunja midomo, akaomba maji.

Akasema daktari wa serikali apime pipa na kesi irudi Alhamisi. Mimi akaniambia nitashtakiwa kwa ushahidi wa uongo, nikae karibu.

Beatrisi hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anamtazama mkalimani, kama vile ni yeye aliyesema.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya kawaida. Asmahani alikuwa ameshapata habari. Amenitengea chakula akaenda kulala kwa dada yake.

Alhamisi, 17 Mei

Daktari amesema ni bati. Beatrisi ameachiwa. Mimi nimetozwa faini, na kazi nimefukuzwa kwa barua ya mistari miwili iliyopigwa mashine na Ernesti. Mwishoni ameongeza kwa kalamu yake kwamba atayaonja mapipa kama nilivyomfundisha.

Nilimngoja Beatrisi nje ya mahakama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi.

"Nisamehe, mama," nikasema. Mengine yakapotea.

Alikuwa ameshika furushi lake. Hakuwa na hasira, na ningefurahi angekuwa nayo.

"Siku ile ulipoinua mkono," akasema, "nilikuheshimu sana. Nilisema huyu mzee ana imani ya kweli. Hata waliponifunga sikuogopa. Wenzangu mle ndani walikuwa wananiuliza, una wakili? Nikawaambia ninaye shahidi, Mzee Sadalla atakuja kesho. Siku ya pili nikasema hivyo hivyo. Mwisho walikuwa wananicheka. Asubuhi wananiuliza, Beatrisi, leo ni kesho?"

"Nilikuja," nikasema.

"Ulikuja. Siku ya kumi na tisa." Akaliweka furushi kichwani. "Na Luka alikuwa anakunywa kwangu tangu mwaka juzi. Nilitaka kwenda kumzika."

Akaelekea kwenye basi la Muheza. Chombo cha kupikia hana, na hakusema kama atarudi.

Ijumaa, 18 Mei

Mvua.

Jumapili, 20 Mei

Bakar amekuja baada ya alasiri. Alikuwa amevaa koti, nikajua amekuja kwa ushenga. Hakutaka kahawa.

"Shekhe anakusalimu," akasema. "Posa wameiondoa."

Nikamwambia nilijua itakuwa hivyo. Nikasema hakuna mtu wa dini atakayeoa kwa mwonja pombe, na mimi katika nafasi yake ningefanya vile vile. Nilikuwa nimeshayazoea maneno hayo tangu Jumanne, na nilikuwa karibu nayapenda.

Bakar akatikisa kichwa. "Bwana Sadalla, kazi yako Shekhe aliijua kabla ya kuleta posa. Nilimwambia mimi mwenyewe, mshenga hafichi. Akaniuliza, anakunywa? Nikasema anatema. Akasema basi, riziki ni ngumu, kila mtu na mtihani wake. Mtaa huu nani asiyejua? Unarudi na karafuu mdomoni kila siku saa kumi, mwaka mzima. Karani gani wa mizani anayenukia karafuu?"

Nilikaa chini.

"Kwa hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ni yule mwanamke. Shekhe amesikia ulivyosema mahakamani, akakusifu. Kisha akauliza ulijua tangu lini. Akahesabu. Akasema, 'Binti hana kosa, na pombe si neno. Lakini ndugu zetu hawa siku tutakapolihitaji neno lao, watatuweka siku ngapi?' Nimejaribu, wallahi."

Alipoondoka nilimwendea Sabiha chumbani. Alikuwa amekaa mkekani, anapinda ncha ya kanga. Hina ilikuwa bado nyekundu.

"Wameivunja," nikasema.

Akaendelea na sindano mpaka mwisho wa uzi. "Kwa ajili ya kazi yako?"

"Hapana. Ya kazi walikuwa wanajua."

"Najua wanajua. Mie ninayekufulia kanzu toka nina miaka kumi na miwili, Baba. Kwa nini basi?"

Nikamwambia. Nilimweleza habari ya kata na ya karatasi ya inspekta, nikamwambia nilichomjibu Ernesti, na kwamba ndoo iliyopotea niliichukua mimi. Nilimwambia tarehe niliyojua kuwa ni bati, na tarehe niliyosema. Hakulia. Aliweka kanga chini akaikunja mara mbili, tatu, mpaka ikawa ndogo.

"Na Mama alijua?" akauliza.

Nilikuwa bado natafuta jinsi ya kulijibu hilo. Asmahani amerudi nyumbani kutoka kwa dada yake leo asubuhi, na alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Nilijua," akasema. "Mie ndiye niliyemwambia angoje."

Hilo nalo lilikuwa langu kulisema, na nimechelewa.